Faili Likikataa Kuandikwa, Uliza Kwanza Nani Analo

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana, muhula wa pili, nilipoteza kurasa tatu za kazi ya mwenzangu bila kugusa hata herufi moja aliyoandika. Sikujua kama nimefanya hivyo mpaka siku ya semina, aliposimama mbele kuwasilisha sehemu yake na kukuta kwenye kopi ya mwalimu kuna kichwa cha habari na mistari miwili tu.

Ilikuwa kazi ya kundi, kozi ya mitaala, tuko sita. Faili letu tuliliweka kwenye folda ya pamoja ya maabara ya kompyuta, ile unayoweza kuifungua kutoka mashine yoyote humo ndani. Utaratibu ulikuwa rahisi: ukipata nafasi unaingia, unaandika sehemu yako, unasevu, unatoka. Siku ya kukabidhi mimi ndiye niliyepewa kupanga kurasa na kuprinti. Niliingia saa kumi jioni, nikabofya faili. Kikatokea kiboksi kinachosema faili linatumika, limefungwa na mtu anayeitwa "Student", na kunipa njia tatu: nifungue kopi ya kusoma tu, nitengeneze kopi yangu niiunganishe na ya asili baadaye, au nisubiri nitaarifiwe likiwa huru.

Niliona hilo jina nikacheka. Kwani humu ndani nani siyo student? Nikachagua njia ya kwanza, nikasevu kwa jina jipya, FINAL, kwenye flashi yangu, nikapanga kurasa, nikakimbilia steshenari kabla foleni haijawa ndefu.

Yule "Student" alikuwa dada wa Sehemu ya Tatu. Alikuwa safu ya nyuma ya maabara hiyohiyo, meza nne kutoka nilipokaa mimi, anamalizia. Alisevu vizuri kabisa saa kumi na moja na nusu, kwenye faili la asili. Kilichofika kwa mwalimu ni FINAL yangu. Pembeni ya Sehemu ya Tatu kukaandikwa kwa wino mwekundu: haijafanyika. Tulipata 9 kati ya 15. Alijaribu kupeleka faili la kweli, akajibiwa kwamba kinachosahihishwa ni kilichokabidhiwa. Wiki mbili dada wa watu hakunisalimia, na mimi sikuwa na cha kumlaumu.

Tangu hapo nimemsumbua sana fundi wa maabara kwa maswali, na siku hizi kule hosteli mtu akiona maneno "Read-Only" anakuja kugonga mlango wangu. Makala hii ni ya kupunguza kugongewa mlango usiku, hasa sasa ambapo wengine wanaandika ripoti za TP na wa mwaka wa tatu wanahangaika na tafiti.

Maneno hayo yakikaa juu kabisa ya dirisha la Word, pembeni ya jina la faili, maana yake ni kwamba utaona kila kitu, mara nyingi hata utaandika, lakini huwezi kusevu juu ya faili lenyewe. Hapo kwenye kuandika ndo pana mtego. Word inakuacha uchape saa nne nzima bila kukuzuia. Ukija kubonyeza kitufe cha kusevu, ndipo inakuambia utafute jina jipya na mahali pengine. Mtu aliyechoka, saa nane usiku, anabofya chochote kinachotokea mbele yake. Asubuhi anasema kompyuta imekula kazi yake. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, tupia jicho juu pale. Ukiyaona hayo maneno, simama.

Wengi tunaijua dawa moja tu, kulisevu kwa jina lingine. Kwenye Word ni kitufe cha F12, unachagua mwenyewe pa kuliweka na unalipa jina. Ni dawa nzuri, naitumia kila siku. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyotuletea wino mwekundu, kwa sababu inakupa faili la pili na kuliacha la kwanza linaendelea na maisha yake. Kabla ya F12 jiulize mambo mawili: faili hili liko wapi hasa, na nani mwingine analo wakati huu.

Tuanze na nani analo, maana hapo ndipo nilipoumia.

Ukifungua faili, Word inatengeneza kifaili kingine kidogo kilichofichwa, kwenye folda hiyohiyo, chenye jina linaloanza na alama ~$. Ndani yake kuna jina la aliyelifungua. Mtu wa pili akija, Word inakiona kile kifaili, inasoma jina, inamwambia fulani yumo, wewe subiri au soma tu. Ni kama kuacha daftari kwenye kiti cha maktaba ukatoka kwenda kunywa chai. Aliyelifungua akifunga vizuri, kifaili kinaondoka chenyewe. Jina linaloonekana siyo la kwenye kitambulisho chako. Ni lile lililojazwa Office ilipowekwa kwenye mashine. Ndiyo maana maabara nzima inaweza kuitwa "Student" au "User", na onyo likaonekana kama utani. Siku hizi nikiliona nafanya kitu cha kizamani kabisa: nasimama, nauliza kwa sauti, "Jamani nani amefungua ripoti ya Kundi la Nne?" Watu wanacheka, ila kuna mkono unanyanyuka.

Kuna wakati linalokufungia ni jina lako mwenyewe. Hapo jua kuna mambo mawili. Kwanza, huenda faili liko wazi kwenye dirisha lingine, au Word imeganda huko nyuma bila wewe kuiona. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, orodha ya programu zinazotembea itafunguka. Ukikuta Word ipo wakati wewe umeshafunga kila kitu, izime hapo. Pili, huenda umeme ulikatika ukiwa katikati ya kazi. Kompyuta ya mezani haina betri, ilizimika ghafla, Word haikupata nafasi ya kuondoa kile kifaili chake. Umeme ukirudi, daftari bado liko kwenye kiti ingawa mwenyewe kaondoka. Ruhusu folda ionyeshe vitu vilivyofichwa, tafuta kile chenye ~$ na jina la ripoti yako, kifute. Lakini hakikisha kwanza kweli hakuna aliyemo. Ukikifuta wakati mwenzako anaandika, umefanya nilichofanya mimi, tena kwa makusudi.

Wanaotumia LibreOffice wana kifaili cha aina hiyo pia, chao kinaanza na .~lock. Kazi yake ni ileile.

Na kama kopi mbili zimeshatokea? Hiki ndicho ninachosikitika sana kutokukijua siku ile. Kwenye Word, sehemu ya "Review", kuna "Compare", na ndani yake "Combine". Unaipa mafaili mawili, lako na la mwenzako, inakutengenezea moja lenye mabadiliko ya wote wawili yakiwa na rangi, unakubali hili, unakataa lile. Dakika kumi hivi kwa ripoti ya kurasa ishirini. Sisi tulikuwa na saa moja na zaidi kabla ya muda wa kukabidhi kwisha.

Sasa swali la pili, faili liko wapi.

Rafiki yangu wa jengo B alikuja na laptopu, analia kabisa, siyo mfano. Mwenzake alimtumia kwa barua pepe folda iliyobanwa, ile yenye picha ya zipu, ndani ikiwa na sura zote za ripoti yao. Yeye akaibofya, akabofya faili lililo ndani, likafunguka, akaandika jioni nzima, akasevu palepale Word ilipompendekezea. Kesho yake akafungua ile folda: faili liko kama lilivyotumwa, halina hata neno lake moja. Kilichotokea ni kwamba ukifungua faili likiwa bado ndani ya folda iliyobanwa, Windows inalitoa kopi, inaiweka kwenye folda ya muda iliyojificha, ndiyo unayoiona. Kopi hiyo ni ya kusoma tu, kwa sababu kompyuta haitarudisha ulichoandika ndani ya zipu. Kazi yake tuliikuta huko kwenye folda ya muda, baada ya kutafuta mafaili yote ya Word yaliyobadilishwa jana yake. Alikuwa na bahati, folda hizo husafishwa. Kinga yake ni ndogo mno: bofya kulia folda iliyobanwa, chagua "Extract All", ndipo uanze kazi. Na kiambatisho cha barua pepe kipakue kwanza, usikibofye huko huko kiliko.

Kisha kuna ule mstari wa njano. Huu ndo unaoletwa kwangu kuliko yote, na ndo usio na ugonjwa. Faili likitoka intaneti, yaani barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, tovuti ya chuo, Windows inalibandikia alama kwamba hili limetoka nje. Utaratibu huo ulianza na Windows XP mwaka 2004. Word ikiiona alama hiyo inalifungua faili kwenye chumba cha ulinzi, hairuhusu kuandika, na inaweka mstari wa njano wenye kitufe "Enable Editing". Chumba hicho kilikuja na Office ya 2010. Watu wanakichukulia kama usumbufu, ila kina historia. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa duniani ndani ya faili la kawaida la Word. Ukilifungua linajituma lenyewe kwa watu 50 wa mwanzo kwenye kitabu chako cha anwani za barua pepe. Kufungua tu kulitosha.

Kwa hiyo kama unamjua aliyekutumia na ulikuwa unalisubiri, bofya hicho kitufe, maisha yaendelee. Kama ni "Majina ya waliopata mkopo.doc" limepita makundi saba ya WhatsApp na hujui lilikoanzia, lisome hivyohivyo ndani ya ulinzi. Kusoma majina hakuhitaji kuandika. Ukitaka kuitoa alama moja kwa moja, bofya kulia faili, nenda "Properties", chini kabisa utakuta kiboksi cha "Unblock".

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Mtu mmoja aliniambia kagundua njia: akilipitisha faili kwenye flashi, mstari wa njano unapotea. Ni kweli. Alama ile inakaa kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS, kama ya ndani ya laptopu. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina pa kuihifadhi, basi inadondokea njiani. Alikuwa anafurahia. Mi niliogopa, kwa sababu maana yake ni kwamba faili unalotoa steshenari kwa flashi linafika kwako likiwa halina onyo lolote, na sote tunazijua kompyuta za steshenari.

Tukiwa hapo hapo kwenye flashi. Umetoka kuprinti, unafika chumbani, mafolda yote yamekuwa shotikati. Usivibofye. Mara nyingi mafaili yako yapo, yamefichwa na kubadilishwa sifa zake. Fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (kama flashi yako inasoma E; ikisoma F, weka F). Hiyo -r ndiyo inayoondoa hali ya kusoma tu, -h inaondoa kufichwa, -s inaondoa alama ya kuwa faili la mfumo. Amri hii inarudisha vitu vyako tu, kirusi hakiui. Kukiua ni kazi ya antivirusi, na ianze kabla hujahamisha chochote.

Flashi yenyewe ikikataa kabisa kuandikwa, kila faili ni la kusoma tu na hata kufuta haikubali, hamisha kila kitu leo. Usisubiri kesho. Baadhi ya flashi zikianza kuchoka chipu yake inafunga uandishi ili angalau usome kilichomo. Mitandaoni utaelekezwa diskpart na amri ya kuondoa ulinzi wa diski. Inafanya kazi pale ulinzi ulipowekwa kimakosa, lakini programu hiyo ukiichagulia diski isiyo yenyewe unaweza kufuta laptopu nzima. Kama hujawahi kuitumia, mwite anayeijua ukae pembeni uangalie.

Wenye MacBook mnaniuliza kwa nini diski ya nje ya mwenzenu mnaisoma bila kuiandika. Ni NTFS tena. Mac kwa kawaida inaisoma tu. Kopi faili kwenye Mac, fanya kazi humo, lirudishe kwa njia nyingine.

Yaliyobaki ni mafupi. Ukibofya kulia faili, ukaingia "Properties", kuna kiboksi cha "Read-only". Kikiwa na tiki kitoe, umemaliza. Kwenye folda, hicho kiboksi huwa na kimraba cheusi na hata ukikitoa kinarudi. Kiache, kwenye folda hakizuii mafaili ya ndani kuandikwa. Kuna jamaa alikaa jioni nzima anakitoa, kinarudi, anakitoa.

Ukiona mstari unaosema mwandishi ameliweka faili kuwa la mwisho, pembeni kuna "Edit Anyway". Hilo ni ombi tu la mwandishi, halina kufuli. Likidai nywila, hilo lina kufuli, na kama ni fomu ya idara muombe aliyeifunga. Wakati mwingine wamefunga ili ujaze nafasi zilizoachwa tu, na ukiangalia vizuri zinajazika.

Kama kila faili, hata jipya, halikubali kuandikwa na vitufe vya juu vimefifia, tatizo siyo faili. Ofisi iliyokuja na laptopu ilikuwa ya majaribio, muda wake umekwisha. Unaweza kuendelea kusoma na kuprinti, kuandika ndo hamna. Ulizia maabara kama chuo kina leseni za wanafunzi. Vinginevyo LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word, japo jedwali zinaweza kuyumba kidogo, kwa hiyo kagua kabla ya kuprinti. Na wale wa Google Docs, ukiona unaweza kutazama tu, mwenye faili alikupa ruhusa ya kutazama. Muombe ya kuandika. Ukitengeneza kopi yako, umerudi kwenye FINAL yangu.

Kundi letu la muhula huu tuna faili moja, mtunzaji mmoja, na jina lake lina tarehe. Anayetaka kuandika anatuma ujumbe "naingia", akimaliza anatuma "nimetoka". Kuna mmoja anaona ni ushamba. Mtunzaji ni yule dada wa Sehemu ya Tatu; aliomba mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Wiki iliyopita alikuja kugonga, na laptopu mkononi. "Kaka, limegoma. Halisevu, linasema kusoma tu." Nikauliza nani mwingine analo. Hakuna. Liko wapi? Kwenye kadi ya simu, kaichomeka kwenye adapta ile kubwa ya kuingizia kwenye laptopu. Nikaichomoa. Ubavuni, upande wa kushoto, kuna kiswichi kidogo cha plastiki, kimeshuka chini kwenye neno "Lock". Nikakisukuma juu kwa ukucha, nikairudisha, akasevu.

Akaniangalia. "Kwa hiyo safari hii siyo wewe?"